Singin' in the Rain (1952): sinema ya kutazamwa hadi miguuni

Filamu yenye umri wa miaka zaidi ya 70 bado inafaa kutolewa pesa? Hii inafaa, kwa sharti moja: uione nzima, fremu yote, kuanzia kofia hadi soli ya kiatu. Ikikatwa miguu imekwisha, na TV nyingi za majumbani huikata au huinyoosha bila mwenye nyumba kujua. Ndiyo maana uhakiki huu hauishii kwenye hadithi na mastaa. Unaingia pia kwenye rimoti, spika na aina ya diski, kwa sababu filamu hii huharibikia huko.

Kwanza filamu yenyewe. Ni kazi ya studio ya MGM, ina dakika 103, na waongozaji wake ni wawili: Gene Kelly, ambaye pia ndiye stelingi, na Stanley Donen. Walioandika hadithi, Betty Comden na Adolph Green, walipewa kazi ya kinyumenyume, maana nyimbo zilikuwepo kabla ya kisa. Mtayarishaji Arthur Freed alikuwa zamani mtunzi wa maneno ya nyimbo, akishirikiana na Nacio Herb Brown aliyetunga muziki, na studio ilitaka picha ya kuzitumia tena nyimbo zao. Wimbo uliobeba jina la filamu ulikuwa umeonekana kwenye picha ya MGM ya 1929. "Good Morning" ulitoka 1939. Waandishi walipoona nyingi ya nyimbo hizo zilizaliwa wakati sinema zinaanza kutoa sauti, wakaamua hadithi nayo iwe ya wakati huo. Uamuzi huo ndio uliowaokoa. Nyimbo hazikubandikwa juu ya kisa, kisa kimeota kutoka kwenye nyimbo.

Mwaka ni 1927. Don Lockwood (Kelly) na Lina Lamont (Jean Hagen) ni mastaa wa picha zisizo na sauti, na magazeti yamewaozesha ingawa Don hamtaki. The Jazz Singer inatoka, watazamaji wanasikia mtu akiimba kwenye pazia, na studio inalazimika kuigeuza picha yao ya mapanga kuwa ya kusema. Taabu ni kwamba Lina ana sauti ya kukwaruza masikio. Dawa inayopatikana ni msichana asiyejulikana, Kathy Selden (Debbie Reynolds), aimbe na kusema huku Lina akifungua mdomo tu.

Mtazamaji wa Mombasa atasimama hapa na kuuliza, kwani kosa liko wapi? Mji huu umelelewa na sinema za Kihindi. Tangu zamani watu wanajua kwamba anayeonekana si anayeimba, na kanda zilinunuliwa kwa majina ya Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi bila mtu kumlaumu Nargis kwa kuimbiwa. Katika Shree 420 ya 1955, Raj Kapoor na Nargis wako mvuani chini ya mwavuli mmoja, sauti ni za Manna Dey na Lata, na hakuna aliyejiona ametapeliwa. Hollywood iliona vingine. Huko mwimbaji wa nyuma alifichwa, na kisa chote hiki kimejengwa juu ya hofu ya siri hiyo kufichuka. Ukiitazama na shangazi aliyekulia kwenye foleni za picha za Kihindi, mwache aulize swali lake mpaka mwisho, maana linaifanya filamu iwe tamu zaidi. Dhambi ya Lina si kuimbiwa. Dhambi yake ni kutaka Kathy abaki nyuma ya pazia maisha yake yote, jina lisitajwe, mkataba ukimfunga mikono.

Jambo ambalo filamu haikuambii ni kwamba studio ilifanya vilevile. Kathy anapomwimbia Lina wimbo wa "Would You?", sauti inayosikika si ya Debbie Reynolds. Ni ya Betty Noyes, na jina lake halimo kwenye orodha ya wahusika. Na pale Kathy anapomsemea Lina yale maneno ya mapenzi kwa sauti nzuri ya kike, anayesema ni Jean Hagen mwenyewe kwa sauti yake halisi, kwa sababu sauti ya kawaida ya Hagen ilikuwa nzito na safi. Yaani Hagen anaigiza mwanamke anayesemewa na msichana ambaye yeye Hagen ndiye anayemsemea. Soma sentensi hiyo mara mbili, kisha rudi uangalie kipande hicho ukijua. Kinachekesha kuliko mara ya kwanza. Hagen aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hii, na hakuipata. Filamu nzima iliteuliwa mara mbili tu na ikatoka mikono mitupu, jambo ambalo leo halieleweki, kwa kuwa mwaka 2006 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliiweka ya kwanza kwenye orodha yake ya filamu za muziki.

Vichekesho vya sauti vinastahili kutazamwa kwa jicho la fundi. Maikrofoni inafichwa kwenye kichaka, Lina akigeuza kichwa sauti inaondoka. Inashonewa kifuani, inanasa mapigo ya moyo. Kisha siku ya kuonyesha kwa majaribio, sauti inatengana na picha: mwanamke anafungua mdomo inatoka sauti ya mwanamume, na jambazi anajibu kwa sauti ya kike. Taabu za namna hiyo zilikuwepo kweli miaka ile. Maikrofoni ya wakati huo haikuweza kumfuata mwigizaji anayetembea, na sauti iliyochezwa kutoka kwenye sahani pembeni ya mashine ilipotea hatua mara tu sindano iliporuka au filamu ilipokatika na kuunganishwa. Kumbuka kipande hiki cha majaribio, tutakirudia tukifika kwenye spika.

Sasa mastaa. Gene Kelly alizaliwa Pittsburgh mwaka 1912 na alicheza kama mwanamichezo: magoti yamekunjwa, uzito chini, mabega mapana. Fred Astaire, mchezaji dansi aliyemtangulia, alivaa koti refu la sherehe na kuonekana hana uzito. Kelly alivaa suruali ya kubana na viatu vyepesi ili msuli uonekane ukifanya kazi. Katika ile dansi ya mvuani fuata mwavuli. Mwanzoni ni mwavuli wa kawaida, kisha unakuwa mwenzi wa dansi, kisha gitaa, mwisho anaugawa kwa mpita njia kama kitu kisicho na faida tena. Fuata pia maji. Hatua za mwanzo anateleza juu ya lami iliyolowa, baadaye anapanda na kushuka ukingo wa barabara, mwisho anaruka madimbwini kama mtoto hadi polisi anapotokea. Madimbwi hayo yalichongwa kwenye lami mahali hasa ambapo mguu ungetua. Uvumi kwamba mvua ilichanganywa na maziwa ili ionekane ni porojo tu. Siri ni taa zilizowekwa nyuma ya matone, kwani tone lililomulikwa kwa mbele halionekani. Kelly alikuwa na homa ya takriban nyuzi 39 alipopiga kipande hicho.

Donald O'Connor, anayecheza Cosmo rafiki wa Don, ndiye anayeiba filamu, hilo tunalisema bila kusitasita. "Make 'Em Laugh" ni dakika chache za mtu mmoja kujigonga: anapigana na mwanasesere asiye na kichwa, anakimbia juu ya ukuta na kupindua mwili hewani, anarudia ukuta wa pili, na ukuta wa tatu anaupasua na kupita. Mwenyewe alisimulia kwamba alilala kitandani siku kadhaa baada ya kupiga kipande hicho, kisha akaambiwa picha imeharibika, arudie. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara wakati huo. Wimbo wenyewe, tuseme ukweli, unafanana kupita kiasi na "Be a Clown" wa Cole Porter, uliokuwemo kwenye The Pirate ya 1948, ambayo nayo ilitayarishwa na Freed na kuchezwa na Kelly. Watu wamelisema hilo tangu zamani na wanaendelea kulisema.

Debbie Reynolds alikuwa na umri wa miaka 19 na hakuwa mchezaji dansi, alikuwa ameshughulika na sarakasi za mazoezi ya viungo. Tazama "Good Morning" ukilijua hilo. Watatu wanacheza kwa mstari mmoja, ngazini, jikoni, wakicheza na makoti ya mvua, hadi kochi linalopinduka chini ya miguu yao. Macho yako yakienda kwa Reynolds yabaki kwake. Mikono ya Kelly na O'Connor imelegea, yake ina bidii ya mtu anayehesabu. Kipande hicho kilipigwa siku nzima hadi usiku na miguu yake ilitoka damu. Aliwahi kusema kwamba filamu hii na kuzaa ndiyo mambo mawili yaliyomtesa zaidi maishani. Lakini bidii hiyo haiharibu kitu, kwa sababu Kathy naye kwenye hadithi ni msichana anayejaribu kufikia kimo cha wakubwa.

Mahali filamu inapolegea ni robo ya mwisho. Dansi ndefu ya "Broadway Melody" inachukua kama dakika 13, haina Reynolds, haina Cosmo, na hadithi inasimama kabisa ikisubiri. Ndani yake Cyd Charisse anatokea mara mbili: kwanza na gauni la kijani na miguu mirefu isiyoisha, kisha na shela nyeupe ndefu inayopeperushwa na mashine za upepo. Haneni neno. Ni kazi nzuri ajabu kama kipande cha pekee, lakini ndani ya filamu ni kizuizi, na watoto huondoka hapo. Ukiwa na watoto ruka sura hiyo kwa rimoti bila haya, uirudie baadaye peke yako. Na jinsi Lina anavyofedheheshwa mwishoni, pazia likipandishwa mbele ya ukumbi mzima, kuna ukatili ambao mtazamaji wa leo anaweza asiucheke.

Twende kwenye rimoti. Umbo la picha ni 1.37 kwa 1, karibu mraba, na TV za sasa ni 1.78 kwa 1. Kwenye TV ya inchi 43, picha sahihi ina upana wa sentimita 73 hivi na kimo cha 53, na kila upande kunabaki ukanda mweusi wa sentimita 11. Kanda hizo si hitilafu, ziache. Ukibonyeza kitufe cha kujaza skrini kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. TV ikinyoosha picha, kila mtu ananenepa kwa asilimia 30, na Kelly, ambaye alikuwa mfupi wa kadiri na kifua kipana, anageuka kabati. TV ikikuza picha badala ya kuinyoosha, unapoteza kama asilimia 23 ya kimo, nusu juu na nusu chini, na chini ndiko miguu iliko. Kelly na Donen waliweka kamera mbali ili mwili mzima uonekane ndani ya fremu, nafasi chini ya viatu ni ndogo sana. Jaribu kwa kipande cha "Moses Supposes", dansi ya Kelly na O'Connor: kama huoni viatu na sakafu kidogo, rudisha umbo kwenye lile la asili.

Cha pili, zima ulainishaji wa mwendo. Kwenye Samsung unaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, kwenye LG TruMotion, kwenye Sony Motionflow. TV hubuni picha za katikati kati ya zile 24 za kila sekunde, na kwenye dansi ya haraka hubuni vibaya: mguu unakuwa na kivuli, ncha ya mwavuli inayeyuka, na matone ya mvua yanajichora mistari. Weka pia rangi kwenye hali ya sinema, si ile ya kung'arisha. Kipimo ni mwanzo kabisa wa filamu, wale watatu wakiwa wamevaa makoti ya mvua ya manjano. Manjano ikielekea kijani, au nyuso zikiwa nyekundu kama zimechomwa, mpangilio si sahihi. Filamu hii ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu, kila rangi na negativu yake (mkanda wa asili uliopita ndani ya kamera), kwa hiyo rangi ni kali kwa makusudi na haihitaji TV kuiongezea chumvi.

Spika ndilo jambo linaloharibu zaidi, na wengi hawalijui. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji wa milisekunde 100 hadi 200 ni wa kawaida. Kila picha ya filamu inakaa milisekunde 42 hivi, kwa hiyo sauti inaweza kuwa nyuma kwa picha mbili hadi tano. Kwenye mazungumzo utavumilia. Kwenye dansi ya viatu vyenye vibati vya chuma, kiatu kinagusa sakafu halafu mlio unafuata, na umejitengenezea nyumbani ile siku ya majaribio ya Lina Lamont. Tumia waya. Kama saundiba haina waya, tafuta kwenye TV sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji wa sauti. Nyingine hukuwezesha kuchelewesha sauti tu, si kuiwahisha, na hapo spika za TV yenyewe ni bora kuliko spika kubwa inayochelewa. Sauti ya asili ilikuwa ya njia moja, basi usitarajie mvua kukuzunguka chumbani. Ukisikia upande mmoja tu, plagi haijaingia hadi mwisho.

Na saa. Kati ya Magharibi na Isha hapatoshi kwa dakika 103. Anza saa mbili usiku, saa nne kasorobo umemaliza. Msimu wa masika nyumba ya bati haifai: mvua ya Mombasa inaizima mvua ya Kelly, hata ukiongeza sauti hadi jirani agonge ukuta. Kachri zihamishiwe kwenye bakuli kabla ya kuanza, kwa sababu kuna nyakati za kimya zenye kicheko ndani yake, hasa pale maikrofoni inaposikia shanga za Lina.

Kuhusu nakala, kuna jambo la DVD ambalo wauzaji hawalisemi. DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio wa Kenya, huharakisha filamu kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde. Dakika 103 zinakuwa 99, na kama sauti haikurekebishwa, nyimbo zinapanda kwa zaidi ya nusu ya nusu-noti, yaani nusu ya hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Kwa filamu ya mapigano haijalishi. Kwa filamu ya nyimbo, sauti ya Kelly inakuwa nyembamba na dansi inakuwa ya pupa. Geuza kasha usome muda: ukiandikwa 99 au 98, hiyo ni ya PAL. Blu-ray na 4K huchezwa kwa picha 24 na hazina tatizo hilo. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka DVD zina kanda za dunia na Kenya iko kanda ya 5, Blu-ray za huku ni kanda B, na 4K hazina kanda kabisa. Deki iliyotoka Marekani na ya volti 120 pekee haiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 zetu, itaungua. Soma kibandiko cha nyuma kwanza.

Nakala za kuhamishiwa kwenye fleshi ziepuke, na si kwa sababu ya sheria tu. Mvua ni adui mkubwa wa picha iliyobanwa. Maelfu ya matone yanakwenda ovyo, programu ya kubana haina pa kukisia, na faili la megabaiti 700 linageuza barabara yote kuwa vijiraba vya kijivu. Diski ya Blu-ray hubeba gigabaiti 25 au 50, na tofauti hiyo unaiona barabarani, hasa mwanga wa dirisha la duka unapopita kwenye maji.

Negativu ya asili haipo tena, iliungua mwaka 1978 katika moto wa ghala la George Eastman House, jumba la makumbusho ya picha huko Marekani, kwa hiyo nakala zote za leo zimejengwa kutokana na nyenzo nyingine zilizosalia. Kazi iliyofanywa ni nzuri, ila mipaka ipo, na diski ya 4K iliyotoka 2022 inaonyesha punje za filamu wazi kuliko wengi walivyozoea. Watu huzidhania chenga za TV, wakapandisha kipunguza chenga, na uso wa Debbie Reynolds ukawa wa plastiki. Kizime. Kama TV yako ni ya inchi 43 au chini na mnakaa mita mbili na zaidi, 4K haitakupa kitu ambacho Blu-ray haikupi, nunua Blu-ray. Kuanzia inchi 55, au projekta inayomulika ukuta mweupe, nunua 4K. DVD ichukue ukiwa huna deki nyingine, na uchague ile ya diski mbili ya 2002, ambayo ina mazungumzo ya Reynolds, O'Connor na wenzao juu ya filamu nzima. Itazame kwanza bila mazungumzo hayo, kisha uyawashe ukianzia "Good Morning".